Naombeni ushauri: gentamaisini kwa kichanga

Habari za majukumu, wauguzi wenzangu. Niko zahanati, nina kichanga wa siku 3, kilo 3. Kaandikiwa gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kilo, yaani 15 kwa siku, sindano ya msuli. Ampuli zetu ni miligramu 80 kwenye mililita 2, kwa hiyo inatoka mililita 0.375. Sirinji za mililita 1 zimeisha. Hii ya 2 ina mstari wa 0.3, halafu 0.4. Mwenzangu wa zamu kasema nikadirie. Moyo unakataa, dawa hii inaumiza figo na masikio. Nimewaza kuchanganya hizo mililita 2 za ampuli na mililita 6 za maji ya sindano, iwe miligramu 10 kila mililita, nivute 1.5. Hesabu iko sawa? Na mililita 1.5 si nyingi mno kwa paja moja la kichanga, au niigawe mapaja mawili?