Mrejesho: laptopu iliyokuwa inazima ghafla ikifika asilimia 20

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Sakina, Arusha, ambaye laptopu yake ilikuwa inazima pa! ikifika asilimia 20, bila onyo. Niliandika powercfg /batteryreport, ile amri ya Windows inayotoa ripoti ya hali ya betri, kama mlivyonielekeza. Betri ilitoka kiwandani ikibeba mWh 41,000 (mWh ni kipimo cha nishati ambayo betri inabeba). Sasa hata ikijaa kabisa ni 17,300. Kumbe ile asilimia ilikuwa inanidanganya tu!

Nikapandisha kiwango cha hatari, yaani asilimia ya chaji ambayo ikifika Windows inachukua hatua yenyewe, kutoka 5 hadi 25, na kwenye hatua hiyo, badala ya kulala nikachagua haibaneti, yaani kazi yote inaandikwa kwenye diski ndipo mashine inazima. Ikilala bado inanyonya chaji.

Jana umeme ulikatika nikiandika ankara ya mteja. Ikajizima yenyewe taratibu. Nilipochomeka chaja, kila kitu palepale. Betri mpya nitanunua mwisho wa mwezi, sasa hivi mfuko umetoboka.