Dell Latitude D620 yenye RAM ya GB 1: Lubuntu, Puppy au antiX?

Mwl_Kibaoni
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu amestaafu, kaniachia kompyuta mpakato: Dell Latitude D620 ya mwaka 2006, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 1, diski GB 60. Fundi alinipigia Windows 7. Nikifungua faili la mtihani, taa ya diski inamemeta mfululizo na kishale kinaganda katikati ya kioo. Nataka vitu vitatu tu: kuchapa mitihani ya darasa la sita, kusoma PDF, na mtandao kidogo bando likiwepo. Nimesikia kuna mifumo mepesi ya Linux ya kuweka badala ya Windows: Lubuntu, Puppy na antiX. Ipi itanifaa? Nawasilisha.

FundiSoldari
Mkuu, taja prosesa (ubongo wa kompyuta) kwanza. D620 zilitoka nyingine na Core Duo, nyingine na Core 2 Duo. Majina yanafanana lakini Core Duo inaendesha mifumo ya biti 32 tu, ile ya kizamani, Core 2 Duo inabeba na ya biti 64. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Na hiyo Windows 7 iache, Microsoft walifunga msaada wake Januari 2020.

Mwl_Kibaoni
Imeandikwa Genuine Intel CPU T2400, 1.83 GHz.

FundiSoldari
Hiyo ni Core Duo, biti 32. Lubuntu itoe kwenye orodha, toleo lake la mwisho la biti 32 lilikuwa 18.10 la mwaka 2018. Hata Debian, Linux ambayo nyingine nyingi zimejengwa juu yake, toleo la 13 la Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizi.

bi_mkongwe
Mwalimu, jaribu Puppy. Naitumia tangu nikiwa chuo. Unaiweka kwenye flashi, inapanda yote kwenye RAM, diski yako hata haiguswi. Kwa mashine yenye diski inayokufa sijaona mfano wake. Ukizima inakuuliza kama uhifadhi kazi.

pwani_32
Dada, hapo kwenye kuhifadhi ndipo ninapomwonea huruma mwalimu. Ukiiendesha kwa flashi, kazi inakaa kwenye RAM na kuandikwa kwenye flashi kwa vipindi. Betri ya laptop ya 2006 haishiki chaji. Umeme ukikatika saa mbili usiku, maswali aliyochapa tangu hifadhi ya mwisho yameenda. Mimi nilipoteza ripoti nzima hivyo hivyo.

bi_mkongwe
Kweli kabisa, hilo sikulifikiria. Aiweke kwenye diski basi, huko inaandika moja kwa moja.

pwani_32
Ikishafika kwenye diski, mimi nachukua antiX 23, toleo kamili la biti 32. Msingi wake ni Debian 12, na programu inayopanga madirisha yake ni IceWM, nyepesi mno. LibreOffice, ya kuchapia kama Word, imo tayari. Mwalimu, ongeza kifurushi cha hunspell-sw, kitakusahihishia tahajia ya Kiswahili ndani ya mtihani wenyewe. Kwa mwalimu hicho ni kitu kikubwa.

FundiSoldari
Naunga mkono antiX. Ila mtandao usiutegemee sana. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox nayo imeacha kuanzia toleo la 145. Tumia Firefox ESR 140 (toleo la msaada wa muda mrefu) kwa sasa, na usifungue zaidi ya kurasa mbili. Kinachoila RAM siku hizi ni kivinjari, mfumo wenyewe hauna shida.

Mwl_Kibaoni
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. antiX imekubali. Ikiwaka tu, kabla sijafungua chochote, RAM iliyotumika haifiki MB 200. Nimechapa mtihani wa Sayansi wenye kurasa nne, pamoja na mchoro wa ua, na kishale hakijaganda hata mara moja. Tatizo ni moja: kila asubuhi tovuti zinakataa kufunguka, zinasema cheti si halali.

FundiSoldari
Angalia saa ya kompyuta.

Mwl_Kibaoni
Duh! Imerudi nyuma miaka mingi.

FundiSoldari
Betri ndogo ya BIOS, inayotunza saa kompyuta ikizimwa, imekufa. Cheti cha tovuti, yaani uthibitisho kwamba ni tovuti yenyewe, kina tarehe ya kuanza, na kompyuta yako inaamini siku hiyo haijafika. Badilisha betri. Kwa leo rekebisha saa kwa mkono, tovuti zitafunguka.

Mwl_Kibaoni
Zimefunguka! Ahsanteni sana. Nikishapata betri nitaongeza na RAM. Mwenye RAM aina ya DDR2 ya laptop ya GB 1 au 2 aliyoiweka kabatini, aniandikie.