Pikipiki imelala miezi saba, baridi ya Matamba imezidi, haiwaki. Naombeni ushauri wakuu

Kona57: Habari za jioni wakuu. Niko Matamba, wilaya ya Makete. Nina pikipiki ya cc 150, ya kabureta, niliiegesha mwezi wa kumi na moja ikiwa nzima kabisa. Nimerudi wiki iliyopita, haiwaki. Asubuhi napiga kiki mpaka goti linauma, inakohoa mara moja inakata. Mchana jua likichomoza inajitahidi kidogo halafu inazima. Selfu ndiyo hata haizungushi. Fundi wa hapa anasema pistoni na ringi zimekwisha, tufungue injini. Je, nifungue? Nina haraka nayo sana.

FundiSpana: Usifungue. Pistoni hailiki ikiwa imelala. Iliingia ndani nzima, kilichobadilika humo ni mafuta na betri. Petroli ikikaa miezi saba, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa, inabaki nzito, na chini ya kabureta linaganda tope kama utomvu linaloziba jeti ndogo, kile kijitundu cha kupitishia petroli. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwasha. Ongeza baridi ya mwezi wa sita, hata petroli mpya inakuwa mvivu kugeuka mvuke. Niambie mambo mawili: ulifunga koki ya mafuta ulipoondoka? Na tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani?

Kijiti Kikavu: Uza nunua baiskeli. Haina jeti.

Dreva Mstaafu: Vijana mnaisingizia baridi. Mimi nimeendesha lori la mbao kutoka Mafinga miaka kumi na nne. Ukilala Makambako mwezi wa saba, asubuhi oili imekuwa kama uji wa ulezi. Tingo wangu alikuwa anaamka saa kumi usiku anawasha moto wa kuni chini ya injini, tukimaliza chai gari limepata joto, tunaondoka. Siku moja tulikuwa na mzigo wa nguzo na mvua imenyesha usiku kucha, tajiri akapiga simu...

FundiSpana: Mzee wangu shikamoo, lakini lile lilikuwa dizeli. Asije mtu akafanya hivyo kwa petroli. Kona57 hujanijibu.

Kona57: Koki sikuifunga, niliondoka kwa haraka. Tanki lilikuwa nusu. Niliporudi nikaongezea lita mbili mpya juu yake. Nashukuru mkuu, ila fundi ameshachukua elfu sitini ya kuanzia, kesho anakuja na spana zake.

FundiSpana: Elfu sitini kabla hajafungua hata plagi? Sawa. Chini ya kabureta pananuka petroli? Kuna unyevu pale inapolala? Mpaka sasa umejaribu njia gani? Sema yote, usinifiche.

Mama Asante: Na mimi nina swali. Haraka ya nini mwanangu? Mtu hawi na haraka na pikipiki iliyolala miezi saba bila sababu.

Kona57: Shikamoo mama. Mke wangu ana mimba, tarehe zake ni mwanzoni mwa mwezi wa saba. Zahanati walishasema safari hii akajifungulie hospitali, ndiyo maana nataka pikipiki iwe tayari nimshushe hospitali ya Chimala, kule bondeni.

Kuhusu kujaribu, asubuhi mbili nimeweka jiko la mkaa chini ya injini kama nusu saa. Ndani, kwenye chumba cha mbele, maana nje upepo unazima. Inasaidia, siku hiyo ndiyo iliwaka sekunde kumi. Na ndiyo, chini pananuka kidogo.

FundiSpana: Toa hilo jiko sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Koki wazi, sindano ya boya, inayozuia petroli isijae kupita kiasi kwenye kabureta, imenata kwa lile tope, petroli inafurika na kudondoka, na wewe unaweka makaa chini yake. Umeponea tundu la sindano mara mbili.

Kona57: Mkuu, makaa hayana mwali. Nayaacha yafunike jivu kwanza. Na hapa wengi wanafanya hivyo, sijalianzisha mimi.

Mama Asante: Mwali hauhitajiki, mvuke wa petroli ndio unaolifuata kaa. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita. Wodini nimeshika watu waliopikwa na petroli, na nimepokea familia iliyofunga mlango ikalala na jiko la mkaa ndani. Hewa ile haina harufu, mtu anasinzia tu. Mkeo analala chumba kipi?

Kona57: Cha pili. Mlango ni pazia.

Mama Asante: Basi unamvutisha hewa hiyo yeye na mtoto aliye tumboni. Mwanangu, nakusihi. Na la pili: mtu ana mimba ya miezi minane na nusu, unataka kumshusha kwa pikipiki kwenye ule mteremko wa kona 57? Uchungu ukimshika kona ya 20 utamlaza wapi? Uliza hospitali kama wana nyumba ya kusubiria, sisi tuliiita chigonella, ashuke kwa gari mapema akae huko.

Kona57: Mama, gari linashuka asubuhi, uchungu hauchagui saa. Na kukaa huko ni chakula na mtu wa kumwangalia. Nilishapiga hesabu, pikipiki ndiyo nafuu.

Bwana Bondeni: Samahani, nakatisha. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwezi wa tatu huyu huyu Kona57 alifungua uzi anauliza bei ya chumba Mbagala, Dar es Salaam, akaandika kwa mkono wake "sijaoa". Leo yuko Matamba, ana mke, ana mimba, ana jiko chini ya pikipiki. Mama Asante usimwage machozi bure.

Kijiti Kikavu: Duh. Nilishaanza kumwonea huruma. Weka picha ya pikipiki.

Dreva Mstaafu: Ndiyo maana nilinyamaza.

Kona57: Sina bando la picha na mtandao hapa unashika nikisimama karibu na kanisa. Mbagala nilikuwa kibarua wa ujenzi, hiyo miezi saba pikipiki ililala kwa sababu mimi nilikuwa huko. Niliandika sijaoa kwa sababu mahari sijamaliza, na kwetu ukisema umeoa kabla ya kumaliza, baba mkwe akisikia ni kesi. Chumba nilichotafuta kilikuwa cha kumleta mke wangu. Pesa haikutosha, nikarudi. Mwenye kuamini aamini.

Mwalimu wa Baridi: Nafundisha huku juu. Sijui kama ana pikipiki, ila jana alfajiri sakitu imeanguka kweli, viazi vya jirani yangu vimekuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Uwanda wa Kitulo ni mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baridi yake inashuka yote kwetu. Nikinawa uso asubuhi sihisi vidole. Na kweli wapo wanaopashia pikipiki kwa jiko. Hilo hajalitunga.

FundiSpana: Awe mkweli awe mwongo, kuna atakayesoma hapa mwenye shida hiyo hiyo, kwa hiyo naandika. Pikipiki itoke nje, mchana, mbali na moto. Funga koki. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu, ilegeze, kinga kwa chupa. Ikitoka rangi ya chai na chini kuna matone yanayojitenga, ni petroli iliyochacha na maji. Mwaga tanki lote, hizo lita mbili mpya zimeshaharibika nazo. Fungua bakuli, toa jeti ndogo, iloweke kwenye petroli safi, puliza kwa pampu ya baiskeli. Ikikataa, tumia unywele mmoja wa shaba wa waya wa umeme, usitie sindano ya chuma, utapanua tundu. Ile sindano ya boya nayo isafishe.

Kisha nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, imeshuka mpaka kwenye injini, badilisha oili kabla ya kupiga kiki hata moja. Plagi weka mpya. Vuta choki, ile ya kupunguza hewa wakati wa kuwasha, usiguse akselereta, piga kiki. Ikishika, rudisha choki polepole. Huko juu hewa ni nyepesi, ukiacha choki muda mrefu plagi inalowa unaanza upya.

Kona57: Nimesoma yote. Nimetoa jiko, nimeitoa pikipiki chini ya mti wa parachichi. Nimelegeza skrubu: imetoka rangi ya chai kweli, na kuna kitu kama machicha. Kijiti cha oili kinanuka. Fundi nimempigia, anasema elfu sitini hairudi ila atakuja na oili na plagi badala ya pistoni.

Mama Asante: Na mkeo?

Kona57: Anasema anataka kushuka Alhamisi kwa gari, dada yake atamfuata huko. Kumbe walishapanga wao wawili tangu wiki iliyopita, walikuwa wananisubiri mimi.

Bwana Bondeni: Sawa, narudisha maneno yangu kwa nusu. Picha bado nadai.

Njombe Mjini: Wakuu poleni kuvamia uzi, yangu haina kabureta, ni ya injeksheni, nayo asubuhi inagoma. Nayo ina skrubu ya kumwaga?