Naomba ushauri: nimebadilisha maski ya subneti, printa haionekani kwa baadhi ya kompyuta

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaojua mitandao.

Ofisini tulikuwa na mtandao wa 192.168.0.0 wenye maski 255.255.255.0 (namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya kifaa). Anwani 254 zikatuishia, maana simu za wafanyakazi nazo zinachukua. Nikabadilisha maski kwenye rauta kuwa 255.255.254.0 ili tupate 510, yaani 192.168.0.1 hadi 192.168.1.254. Kompyuta zote zikapokea maski mpya, intaneti safi.

Tatizo printa. Ina 192.168.0.20, niliiandika kwa mkono siku nyingi. Kompyuta ya 192.168.0.35 inachapa, ya mhasibu, 192.168.1.45, haichapi kabisa, na mwisho wa mwezi ndiyo huu, hati za mishahara zinasubiri.

Jana usiku nilichukua karatasi nikaandika biti moja moja, yaani zile 0 na 1. 254 ni 11111110, kwa hiyo ile biti ya mwisho ya namba ya tatu inahamia upande wa vifaa, 192.168.0 na 192.168.1 zinakuwa mtandao mmoja. Hapo nimeelewa. Lakini printa bado ina maski ya zamani, 255.255.255.0, na sehemu ya geti (anwani ya rauta, njia ya kutokea kwenda mitandao mingine) iko wazi. Je, ni kweli inapokea ombi la mhasibu, ila ikitaka kujibu inamwona yuko mtandao wa nje na haina njia ya kutokea?

Na linalonisumbua zaidi: nibaki na mtandao huu mpana, au simu nizitenge kwenye subneti yake, yaani kipande chake cha mtandao? Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.