Joto kali ghorofani, chini kunakalika: naomba ushauri

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu nyumba yetu ya ghorofa moja iliyopo Dar es Salaam, ambayo vyumba vyake vya chini hukalika vizuri mchana kutwa, ilhali vya juu, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na joto linalomfanya mama yangu, ambaye ni mtu mzima, akose usingizi hadi usiku wa manane.

Paa ni la bati la rangi ya maruni, na chini yake kuna dari ya jipsamu tupu. Ukiigusa dari hiyo saa mbili usiku, unakuta bado ina moto, wakati sakafu ya sebuleni ni ya baridi. Naamini, basi, kwamba tatizo si hewa ya moto kupanda tu, bali hasa ni jua linalopiga bati, kisha joto likabaki limefungiwa darini kwa kuwa kingo za paa zimezibwa kwa mbao bila tundu lolote. Feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na kiyoyozi kinakula umeme mno.

Fundi mmoja ameshauri tupake bati rangi nyeupe. Mwingine anataka tutandaze nyuzi za kioo za kuzuia joto juu ya dari. Mimi naona tuanze na matundu ya hewa yenye wavu. Je, kwa unyevunyevu wa pwani, kipi kitangulie, na rangi hiyo hudumu muda gani kabla chumvi na vumbi havijaifubaza? Mliowahi kufanya kazi hii, naomba mnieleze pamoja na gharama zake.