Nimpeleke mama Mombasa mwezi gani: Mei, Agosti au Desemba?

Mwalimu_FortPortal
Habari zenu jamani. Mama yangu ana miaka 71 na hajawahi kuiona bahari. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli Kasese, huku kwetu Uganda, akimwahidi kila mwaka kwamba atampeleka Mombasa kwa treni, hadi mauti yakamkuta. Ahadi hiyo nimeirithi mimi. Nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo nafasi zangu ni likizo ya Mei, ya mwisho wa Agosti kuingia Septemba, au ya Desemba. Mei vyumba ni rahisi, nimeshaulizia. Mama ana presha, na goti la kulia linamsumbua. Nichague ipi?

Dereva_Malaba
Mfikishie mama shikamoo yangu, mwalimu. Huu ni mwaka wa 14 naendesha lori Mombasa–Kampala. Mei isahau kabisa. Ni masika, na Mombasa haina mwezi wa mvua kuushinda huo; ndiyo maana vyumba vimeshuka bei. Mei moja nilisubiri mzigo siku nne. Shati nililofua Jumatatu nililivaa Alhamisi bado bichi.

Agosti ni kusi. Upepo unatoka baharini, joto limepungua, manyunyu yakija ni ya muda mfupi. Mwenye presha anapumua. Mawimbi yapo, ila mama haendi kuogelea, anakwenda kuigusa bahari.

Sasa kuna jambo sisi watu wa bara hatulijui, mimi mwenyewe nilifundishwa na mvuvi. Ukishachagua mwezi wa kalenda, angalia na mwezi wa angani. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu, au mwezi ukiandama, huwa ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na hujaa sana kwenye saa kumi jioni. Ukimpeleka saa nne utakuta bahari imekimbilia kule mwambani, katikati ni mawe, mwani na vidimbwi. Kwa goti lile hafiki. Mpeleke saa kumi, pale ufuko wa umma wanaouita Pirates. Maji yamepanda, jua limelegea. Mwekee kiti cha plastiki mchangani, mvue viatu, bahari itamfuata yeye alipo. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayajai hivyo.

Binti_wa_Jinja
Mimi nilienda Desemba. Bahari ilikuwa imetulia, maji safi hadi unaona vidole vyako. Lakini joto lile kwa mtu wa presha, hapana. Na Nairobi nzima inashuka pwani, tiketi za treni zinaisha mapema.

Kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Kenya, mama hahitaji pasipoti. Halafu stesheni ya SGR iko Syokimau, mbali na basi zinakoshushia watu mjini. Laleni Nairobi usiku mmoja apumzishe goti, ndipo mpande treni.

Mwalimu_FortPortal
Mungu awabariki. Ni Agosti, na tarehe nitaipanga kwa mwezi mpevu. Nimemsomea mama maneno ya dereva jikoni. Akaacha kumenya matooke, akaniomba nirudie pale pa kiti. Dereva, swali moja tu: pale mpakani Malaba wanakataza mtu kupita na chupa ya maji ya bahari? Anataka kuyafikisha kaburini kwa baba.