FJ45 ya 1978 yenye injini ya 2F: kuseti, kuchonga hedi au kubadilisha injini?

MkulimaMauNarok
Wadau, nina pikapu ya Land Cruiser FJ45 ya 1978, bado iko na 2F yake ya petroli, silinda 6, lita 4.2. Inapandisha mbolea kutoka Nakuru hadi Mau Narok na kushuka na viazi. Bodi ni nzima, chesi haina kutu, na sina mpango wa kuiuza. Shida ni mlima. Nikishapita Njoro na magunia nyuma, gia ya tatu inakataa, narudi ya pili, malori yananipita. Nimeshauriwa mambo matatu: niiseti vizuri hii iliyopo, niifungue, nichonge hedi na kuweka kabureta kubwa na ekzosti ya mabomba, ama niitoe niweke 1HZ ya dizeli. Mliopitia haya, nisaidieni.

FundiLanet
Mzee, kabla ya kulaumu injini, anza na hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Ukifika Mau imeshuka hadi karibu robo tatu. 2F iliandikiwa nguvu farasi 135 ikitoka kiwandani. Huku juu hata iliyo mpya haikupi zote.

Hewa ikipungua na jeti, yaani vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, zikabaki zilezile, petroli inazidi. Toa plagi uzitazame. Zikiwa na masizi meusi makavu, jeti kuu ni kubwa mno kwa huku. Shusha saizi moja, panda mlima na mzigo, zitoe tena.

Halafu taimingi, yaani wakati plagi inapowasha. Chungulia kidirisha cha kava ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, utaona kigololi cha chuma kimepigiliwa kwenye flaiwili yenyewe. Hapo ni digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa mwinuko wetu inavumilia digrii chache zaidi: ongeza kidogo kidogo, na ukisikia inagonga (petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda) ukiwa mlimani, rudisha. Tapeti, yaani nafasi za vavu, ziseti injini ikiwa moto, vavu za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.35. Mwisho, zima injini, toa kifuniko cha hewa, mtu akanyage mafuta hadi sakafuni na wewe utazame ndani ya kabureta. Nakutana na gari nyingi ambazo kipepeo, kile kibati kinachoruhusu hewa kuingia, hakifunguki chote kwa sababu fimbo zake zimelegea, na mwenyewe ameshaanza kutafuta injini nyingine.

PetroliTu_Eldoret
Naunga mkono, ila kuseti kuna mwisho wake. Kompresheni ya 2F, yaani jinsi pistoni inavyobana hewa na petroli, ni kama 7.8 kwa 1, ndogo sana. Kwa mtu anayeishi huku juu, kuchonga hedi ili kompresheni ipande ndiyo faida kubwa, maana hewa hafifu haigongi upesi. Kemshafti ya mbio usiiguse. Hii injini nguvu yake iko chini, kwenye mizunguko kama 1,800 kwa dakika, na hapo ndipo gunia linabebwa.

MwanaKisumu
Kaka, hiyo ni kweli mpaka siku atakayoshuka. Kisumu tuko karibu mita 1,130, joto jingi. Hedi iliyochongwa sana kwa ajili ya Mau itagonga akipanda Kericho kutoka huku na mzigo, na kugonga kunakula pistoni polepole bila wewe kujua. Achonge kidogo tu, ile ya kusawazisha uso, na taimingi airudishe akija kwetu. Na hiyo ekzosti ya mabomba: kwa 2F manifoldi (mkusanyiko wa mabomba) ya kuingiza hewa imekalia ile ya kutoa moshi, ndiyo inayopasha kabureta moto. Ukiondoa, asubuhi za baridi za Mau gari litakohoa hadi lipate joto.

BintiMolo
Shikamoo mzee. Sisi nyumbani tuliweka 1HZ kwenye FJ45 ya baba. Mafuta tunaokoa sana, na kwa hilo siwezi kurudi nyuma. Lakini usiende huko ukitafuta mbio. 1HZ nayo ni silinda 6, lita 4.2, haina tabo ya kusukuma hewa ndani, na nguvu farasi zake ni karibu 130. Hewa ya Mau inaipunguza vilevile. Ukitaka dizeli isiyojali mlima ni 1HD-T, yenye tabo ya kiwandani. Injini yoyote utakayoweka, namba yake iko kwenye logibuku, kwa hiyo upitie NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya polisi kukuuliza barabarani.

PetroliTu_Eldoret
Kuna 1FZ-FE pia, lita 4.5, vavu 24, zaidi ya nguvu farasi 200. Inajipimia mafuta yenyewe kulingana na hewa.

FundiLanet
Ni injini nzuri mno, ila inakuja na waya, kompyuta na pampu ya petroli ya umeme. Na breki je? Kama mbele bado ni za ngoma, zibadilishe kwanza. Gari hili linashuka likiwa na viazi.

MkulimaMauNarok
Marahaba binti. Asanteni nyote. Breki za mbele ni ngoma, naam. Plagi nimezitoa jioni hii, nne ni nyeusi tititi. Kitu kingine: aliyeniuzia alikuwa ameweka tairi za inchi 35.

FundiLanet
Mzee, hapo umesema kubwa. 7.50-16 ya kiwandani ina urefu wa karibu inchi 32. Kwa tairi zako kila gia imekuwa nzito kwa karibu asilimia 10, ndiyo sababu ya tatu inakataa. Rudisha 7.50-16, punguza jeti, kisha upime kompresheni ya silinda zote sita, kabureta ikiwa wazi kabisa. Zikikaribiana, hedi usiifungue msimu huu. Moja ikiwa chini, tia mafuta kidogo ya injini kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda angalia vavu na gasketi. Tuletee namba hapa.